Maktaba za Mfumo Zinapovurugika Baada ya Kusakinisha Programu kwenye Linux Nyepesi

Kompyuta ya saiba moja iliyo karibu na mzunguko wa Githurai ililetwa kwangu mwishoni mwa Juni, wakati foleni ya watu wanaowasilisha ritani za kodi huwa imefika barabarani, na maelezo ya mwenye saiba yalikuwa mafupi: "Mwanangu, jana niliweka printa mpya, leo mashine inawaka lakini haioni." Kilikuwa kipakatalishi cha mtumba kilichonunuliwa Luthuli Avenue, chenye memori ya gigabaiti 2, kikiendeshwa na Lubuntu 22.04. Keneli ilipanda bila tatizo, lakini mahali pa eneo-kazi (desktop) ilibaki skrini nyeusi. Nilibonyeza Ctrl+Alt+F3, nikaingia kwa maandishi, nikaandika `apt update`, na apt, programu inayopakua na kusakinisha vifurushi, ikakataa hata kuanza. Nikaandika `dpkg -l`, amri ya chombo kinachofanya kazi chini ya apt, na orodha ya vifurushi ikamiminika kama kawaida. Tofauti hiyo kati ya apt iliyokufa na dpkg iliyo hai ilikuwa tayari nusu ya jibu, na nitairudia hapa chini.

Maktaba za mfumo ni zile faili zenye `.so` katika majina yao, zinazokaa hasa ndani ya `/usr/lib`, ambazo programu nyingi huzitumia kwa pamoja badala ya kila programu kubeba nakala yake. Kwenye mfumo mwepesi ushirika huo ndio unaookoa memori na diski, na ndio pia unaofanya kosa moja liangushe programu kumi kwa mpigo. Programu inapoanzishwa, kipakiaji, ambacho kwenye kompyuta za biti 64 za Intel na AMD huwa ni `/lib64/ld-linux-x86-64.so.2`, husoma majina ya maktaba zinazohitajika, kisha huzitafuta katika njia zilizoandikwa ndani ya programu yenyewe, katika kigeu cha mazingira `LD_LIBRARY_PATH`, katika daftari la `/etc/ld.so.cache` linaloandikwa na amri ya `ldconfig`, na hatimaye katika saraka za kawaida. Kipakiaji kikipata jina linalolingana, huishia hapo na hakiendelei kutafuta lililo bora zaidi.

Kwa hiyo ni nadra maktaba ya mfumo kuwa imeharibika kwa maana halisi ya neno hilo. Mara nyingi zaidi ni nzima, ila programu iliyotoka kwingine inaomba jina au toleo ambalo halipo, au maktaba nyingine yenye jina lilelile imekuja kusimama mbele yake. Anayesakinisha upya mfumo mzima kwa sababu ya hitilafu kama hiyo anafanya kazi ya siku nzima pale ambapo amri mbili zingetosha, na asipobadilisha mazoea yake atairudia baada ya wiki mbili.

Kabla ya kugusa chochote

Fungua terminali moja, ingia kama msimamizi kwa `sudo -i`, na usiifunge mpaka kazi iishe. Ikitokea maktaba muhimu ikapotea katikati ya kazi, sudo yenyewe haitaanza tena, ilhali gamba (shell, programu inayopokea amri zako) lililokwisha kufunguliwa litaendelea kuishi kwa kuwa liko kwenye memori tayari.

Kisha uliza mashine ilifanyiwa nini. Mwenye mashine husema "sikuweka kitu," na husema hivyo kwa moyo safi, lakini daftari la apt halisahau:

`tail -n 40 /var/log/apt/history.log`
`tail -n 60 /var/log/dpkg.log`

La kwanza litakuonyesha amri iliyotolewa, saa yake, na vifurushi vilivyoingizwa, vilivyosasishwa au vilivyoondolewa. La pili huonyesha hata vile vilivyosakinishwa kwa dpkg pekee, bila kupitia apt. Ukiona mstari wa vifurushi vilivyoondolewa ambao ni mrefu kuliko ule wa vilivyoingizwa, umepata pa kuanzia. Pima pia nafasi ya diski kwa `df -h`, kwa sababu diski ndogo iliyojaa hukatiza usakinishaji katikati na kuacha dalili zinazofanana kabisa na za maktaba mbovu.

Baada ya hapo, soma ujumbe wa hitilafu wote. Kipakiaji kina tabia nzuri ambayo programu nyingi hazina: hutaja anayeomba, kinachoombwa, na mara nyingi hata mahali kilipotazamwa. Ukibofya ikoni na kitu kisifunguke, usiishie kwenye ikoni. Iendeshe programu hiyohiyo kutoka kwenye terminali ili ujumbe uonekane.

Dalili: jina la maktaba halipatikani

Ujumbe wake ni huu, na huenda ndio unaojulikana kuliko yote:

`error while loading shared libraries: libssl.so.1.1: cannot open shared object file`

Anza kwa kupata orodha kamili ya zinazokosekana, maana kipakiaji hulalamikia ya kwanza tu:

`ldd /njia/ya/programu | grep 'not found'`

Iwapo faili hiyo imetoka mahali usipopaamini, usitumie `ldd`, kwa kuwa katika hali fulani inaweza kuiendesha programu yenyewe. Amri ya `objdump -p faili | grep NEEDED` husoma majina bila kuendesha chochote. Ukishapata jina, tafuta kifurushi chenye faili hiyo. Amri ya `apt-file search` hufanya kazi hiyo vizuri, lakini orodha yake ni nzito kupakua, na anayetumia bando la simu atafanya vyema kutafuta jina hilo moja kupitia simu kwenye packages.ubuntu.com au packages.debian.org.

Mfano wa libssl unastahili maelezo, kwa sababu ndio unaowakwaza wengi. Ubuntu 22.04 na Debian 12 zinatumia OpenSSL 3, programu ya usimbaji fiche, ambayo maktaba yake huitwa `libssl.so.3`. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya mfumo wa zamani inaomba `libssl.so.1.1` na haiipati. Ushauri unaozunguka sana ni kutengeneza kiungo chenye jina la zamani kinachoelekeza kwenye faili mpya. Usifanye hivyo. Nambari iliyo mwishoni mwa jina la maktaba si pambo. Ni tamko la watengenezaji kwamba mpangilio wa ndani umebadilika, na programu itakataa kwa kutaja `OPENSSL_1_1_0` au, vibaya zaidi, itaanza kisha ianguke katikati ya kazi. Kifurushi cha zamani cha libssl1.1 kinaweza kukaa kando ya kile kipya bila kugombana, kwa kuwa majina yao ni tofauti, lakini tawi la OpenSSL 1.1.1 liliacha kupata marekebisho ya bure tarehe 11 Septemba 2023, na mimi singeiweka kwenye mashine ambayo watu huandikia nywila zao za benki. Afadhali kutafuta toleo jipya la programu yenyewe.

Kuna kundi jingine lililozuka mwaka 2024. Katika Ubuntu 24.04 vifurushi vingi vya maktaba vilibadilishwa majina kwa kuongezewa `t64`, kwa mfano libasound2 ikawa libasound2t64, kutokana na kazi ya kuondoa kikomo cha saa cha Januari 2038 kwenye mifumo ya biti 32. Kifurushi cha .deb au maelekezo yaliyoandikwa kabla ya hapo yataomba libasound2, na apt itajibu kwamba kifurushi hicho hakina mgombea wa kusakinishwa. Hapo hakuna kilichoharibika. Sakinisha lile jina jipya, na faili iliyomo ndani bado itaitwa `libasound.so.2`.

Programu za AppImage, zinazokuja zikiwa faili moja isiyohitaji kusakinishwa, zina kisa chao cha pekee. Nyingi zinahitaji `libfuse.so.2`, ambayo haiji na Ubuntu 22.04 wala matoleo yaliyofuata, na mtu akisoma neno FUSE kwenye ujumbe huandika haraka `sudo apt install fuse`. Kwenye 22.04 amri hiyo huondoa fuse3, na pamoja nayo sehemu za eneo-kazi zinazoitegemea, hivi kwamba aliyetaka kufungua kihariri cha picha anaamka kesho hana hata dirisha. Kinachotakiwa ni `libfuse2`, au `libfuse2t64` kwenye 24.04. Kama hutaki kusakinisha chochote, iendeshe faili yenyewe kwa kuiongezea `--appimage-extract-and-run`.

Dalili: jina lipo, toleo halitoshi

`/lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6: version 'GLIBC_2.34' not found`

Hapa maktaba ipo, tena ni nzima, ila programu ilitengenezwa kwenye mfumo mpya kuliko wako. Ubuntu 20.04 na Debian 11 zina toleo la 2.31 la glibc, maktaba ya msingi ya lugha ya C (faili yake ni `libc.so.6`, kifurushi chake ni libc6), Ubuntu 22.04 ina 2.35, Debian 12 ina 2.36, na Ubuntu 24.04 ina 2.39. Programu inayoomba 2.34 haitaendeshwa na mifumo miwili ya kwanza, hata ufanyeje. Tafuta toleo la programu lililotengenezwa kwa ajili ya mfumo wako, au lijenge kutoka kwenye msimbo wake, au tumia Flatpak iwapo diski yako inaruhusu, maana Flatpak hubeba maktaba zake na hula gigabaiti bila huruma. Njia ya nne ni kuuhamisha mfumo mzima kwenye toleo jipya kwa utaratibu wake rasmi.

Kinachoua mashine ni njia ya tano: kupakua libc6 ya mfumo mpya na kuilazimisha, au kuongeza hazina (ghala la vifurushi) ya toleo jipya kwenye orodha ya apt ili kupata kifurushi kimoja tu. glibc iko chini ya karibu kila kitu, na inapopanda peke yake huvuta vingine nyuma yake mpaka mashine inabaki nusu toleo hili na nusu toleo lile. Watu wa Debian wanauita mfumo kama huo FrankenDebian, na jina hilo linatosha. Kujua kama umefika huko, tazama:

`apt policy libc6`
`apt list --installed | grep ',local'`

Amri ya pili hutoa vifurushi vilivyomo kwenye mashine lakini havimo katika hazina yoyote iliyosajiliwa. Ukiviona viwili vitatu, virudishe kimoja kimoja kwa kutaja toleo la hazina, kwa mfano `sudo apt install libfoo1=toleo`. Ukiona 200, kuna njia ya kuweka kipaumbele kinachozidi 1000 katika `/etc/apt/preferences.d` ili apt ikubali kushusha matoleo, lakini Debian haiungi mkono kushusha matoleo, na baada ya kuijaribu mara kadhaa nimeamua kwamba kunakili faili za mwenye mashine na kusakinisha upya ni ungwana zaidi kwake na kwangu.

Dalili: apt imekufa, eneo-kazi halipandi, lakini dpkg inafanya kazi

Turudi kwenye saiba ya Githurai. Ujumbe wa apt ulikuwa huu:

`apt: /usr/local/lib/libstdc++.so.6: version 'GLIBCXX_3.4.29' not found`

Maneno ya kutazama si yale ya mwisho bali ni njia ile ya mwanzo: `/usr/local/lib`. Maktaba ya mfumo inayoitwa libstdc++ hukaa ndani ya `/usr/lib/x86_64-linux-gnu`, na hapo ndipo ilipokuwa, nzima kabisa. Kiendeshi cha printa kilikuwa kimekuja na skripti ya kusakinisha ambayo, kwa nia njema ya kuhakikisha kinapata inachokihitaji, ilimwaga maktaba za miaka mingi iliyopita ndani ya `/usr/local/lib` kisha ikaendesha `ldconfig`. Katika familia ya Debian, faili za `/etc/ld.so.conf.d` husomwa kwa mpangilio wa alfabeti. `libc.conf`, inayotaja `/usr/local/lib`, hutangulia ile ya `x86_64-linux-gnu.conf`, na kwa hiyo mgeni aliyeketi `/usr/local/lib` huhudumiwa kabla ya mwenyeji.

Sasa ile tofauti ya apt na dpkg inaeleweka. apt imeandikwa kwa C++ na inaihitaji libstdc++. Dpkg imeandikwa kwa C na haina haja nayo. Eneo-kazi la Lubuntu, LXQt, limejengwa juu ya Qt, ambayo nayo ni C++, na ndiyo sababu skrini ilibaki nyeusi. `sudo`, `mv`, `ls` na `bash` hazikuguswa. Ukikuta mgawanyiko wa namna hiyo, tayari unajua maktaba ya kushuku kabla hujaendesha amri ya pili.

Thibitisha kwanza kwa kuuliza daftari la kipakiaji:

`ldconfig -p | grep libstdc++`
`ls -l /usr/local/lib`

Kisha uliza dpkg kama kuna kifurushi kinachoimiliki faili hiyo: `dpkg -S /usr/local/lib/libstdc++.so.6`. Vifurushi rasmi vya Debian na Ubuntu haviweki maktaba chini ya `/usr/local`, kwa hiyo jibu la kwamba haina mwenyewe, au kwamba mwenyewe ni .deb iliyoletwa kutoka nje, linatosha kukupa ruhusa ya kuihamisha. Sikuifuta, niliihamisha, kwa kuwa faili iliyohamishwa inaweza kurudishwa:

`sudo mkdir /root/kando`
`sudo mv /usr/local/lib/libstdc++.so.6* /root/kando/`
`sudo ldconfig`

apt iliamka papo hapo. Niliwasha mashine upya, eneo-kazi likapanda, na printa ikaendelea kuchapisha, kwa kuwa libstdc++ mpya huwahudumia pia wale waliotengenezwa kwa ajili ya ya zamani, mradi jina limebaki `libstdc++.so.6`. Nakala ile ya kale haikuwa ikihitajika na mtu yeyote, hata na kiendeshi chenyewe.

Kivuli cha aina hii, yaani maktaba inayoifunika ile ya mfumo, hutokea pia baada ya mtu kujenga programu kutoka kwenye msimbo na kuandika `make install`. Kwa libcurl, dalili yake ni onyo la `no version information available` linalotaja `/usr/local/lib/libcurl.so.4`. Wakati mwingine kivuli hakiko kwenye diski bali kwenye mazingira: mtu ameandika `export LD_LIBRARY_PATH=...` ndani ya `.bashrc` au `.profile` ili programu moja iende, na programu zote nyingine zikarithi. Tazama kwa `echo $LD_LIBRARY_PATH`. Iwapo programu fulani haiendi bila maktaba zake za zamani, ziweke pamoja nayo ndani ya `/opt` na uandike skripti fupi inayoweka kigeu hicho kwa programu hiyo pekee, kisha wengine uwaache na amani yao. Na pale ambapo hujui ni kivuli kipi kinachopita mbele, `LD_DEBUG=libs programu` itakuonyesha kila saraka iliyofunguliwa na kila faili iliyochukuliwa; matokeo yake ni marefu, lakini hayadanganyi.

Dalili: usakinishaji ulikatika katikati

Stima ikipotea wakati dpkg inaandika, na betri ya mtumba isiyodumu hata dakika 5, unaweza kukuta vifurushi vilivyofunguliwa bila kusanidiwa. Hili ni jepesi zaidi kuliko linavyotisha:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt -s -f install`

Ile `-s` huigiza tu bila kutenda. Soma orodha ya vitakavyoondolewa. Kama ndani yake yumo lxqt, xfce4 au lubuntu-desktop, simama na utafute kifurushi kinachosababisha mgongano, maana apt ikiachiwa yenyewe itakuletea amani kwa kuondoa nusu ya nyumba. Kama orodha ni ya busara, rudia bila `-s`. Ukiambiwa kwamba kufuli la `/var/lib/dpkg/lock-frontend` limeshikwa, usilifute. Huenda masasisho ya kujiendesha yanaendelea kimyakimya, na kwenye diski ya polepole yanaweza kuchukua muda mrefu.

Ujumbe wa `file too short` una maana iliyo wazi: faili ya maktaba ipo kwa jina lakini ndani yake ni tupu au imekatika. Endesha `sudo ldconfig` na itazitaja zilizo tupu. Ikilalamika kwamba faili fulani `is not a symbolic link`, kuna mtu aliyenakili maktaba kwa mkono mahali palipopaswa kuwa na kiungo. Ili kupima mfumo mzima, `sudo dpkg -V` hulinganisha faili zilizopo na alama zake za asili. Mstari wenye herufi `c` ni faili ya usanidi na kwa kawaida mtu aliibadilisha makusudi, lakini mstari wenye alama ya `5` mbele ya faili ya `.so`, au neno `missing`, ndio unaotafuta. Tafuta kifurushi kinachoimiliki kwa jina la faili pekee, `dpkg -S libz.so.1`, bila njia yake, kwa sababu mifumo ya sasa imeunganisha `/lib` na `/usr/lib` na daftari la dpkg linaweza kuwa na njia tofauti na ile unayoiona. Kisha `sudo apt install --reinstall` jina la kifurushi.

Iwapo ni daftari la dpkg lenyewe lililoharibika, nakala ya awali iko katika `/var/lib/dpkg/status-old`, na nyingine huhifadhiwa ndani ya `/var/backups`.

Dalili: "No such file or directory," na faili iko mbele yako

Hii huwachanganya hata wazoefu. Unaiona programu kwa `ls`, una ruhusa ya kuiendesha, na bado gamba linasema haipo. Kisichokuwepo si programu bali kipakiaji chake. Endesha `file programu`. Ukiona `ELF 32-bit` kwenye mfumo wa biti 64, ongeza usanifu wa pili:

`sudo dpkg --add-architecture i386`
`sudo apt update`
`sudo apt install libc6:i386 libstdc++6:i386`

Ukiwa kwenye Alpine, Linux nyingine nyepesi, sababu ni nyingine: Alpine haitumii glibc bali maktaba nyingine ya C iitwayo musl, na programu iliyotengenezwa kwa glibc inaomba kipakiaji ambacho hakijawahi kuwepo hapo. Kifurushi cha `gcompat` husaidia programu ndogondogo, lakini kwa kubwa ni afadhali kuchagua mfumo mwingine.

Puppy na Tiny Core, nazo Linux nyepesi, zina faraja ambayo nyingine hazina, kwa kuwa msingi wake hauandikwi. Katika Puppy, mabadiliko yako hukaa kwenye tabaka la juu; washa kwa `pfix=ram` ili kuona kama mfumo safi unafanya kazi, na ukifanya kazi, ondoa nakala ya maktaba iliyomo ndani ya saraka ya uhifadhi na ile ya asili itaonekana tena. Katika Tiny Core, toa jina la kiongezi kilicholeta shida kutoka `onboot.lst` na uwashe upya.

Dalili: hakuna amri yoyote inayoendeshwa

Ikiwa `libc.so.6` yenyewe imefutwa au imefunikwa, `ls`, `cp` na `sudo` zitakufa zote kwa pamoja, na mashine ikizimwa haitawaka tena. Itaishia kwenye `Kernel panic` yenye maneno `Attempted to kill init`. Usiizime. Katika ile terminali ya msimamizi uliyoiacha wazi, amri za ndani ya gamba bado zipo: `cd` inafanya kazi, na `echo *` inaweza kukuorodheshea faili badala ya `ls`. Kama maktaba imehamishwa tu, mwite kipakiaji moja kwa moja na umwonyeshe ilipo:

`/lib64/ld-linux-x86-64.so.2 --library-path /mahali/ilipo /bin/mv /mahali/ilipo/libc.so.6 /usr/lib/x86_64-linux-gnu/`

Kama ulikuwa umesakinisha `busybox-static`, ambayo haihitaji maktaba yoyote, una `cp`, `mv` na `ln` zilizo hai kwa kuandika `busybox cp` na kadhalika. Mimi huiweka kwenye kila mashine ninayoikabidhi.

Kama kipakiaji nacho kimepotea, tumia flashi yenye mfumo hai. Ile ya usakinishaji ya Debian isiyobeba eneo-kazi haifiki gigabaiti moja na ina hali ya uokoaji. Pachika diski ya mashine kwenye `/mnt`, tazama kwanza `/mnt/var/cache/apt/archives` kama libc6 imebaki hapo ili usilipie bando, na hakikisha toleo lake ni lilelile lililoandikwa katika `/mnt/var/lib/dpkg/status`. Usiifungue juu ya `/mnt` moja kwa moja, kwa sababu `/lib` siku hizi ni kiungo, na kikigeuzwa kuwa saraka halisi utakuwa umeongeza tatizo la pili. Ifungue kando, tazama kama faili zimekuja chini ya `lib` au `usr/lib`, kisha zinakili:

`dpkg-deb -x libc6_*.deb /tmp/libc`
`cp -a /tmp/libc/lib/x86_64-linux-gnu/. /mnt/usr/lib/x86_64-linux-gnu/`

Hakikisha pia kwamba `/mnt/lib64/ld-linux-x86-64.so.2` inaelekeza kwenye faili iliyopo. Baada ya hapo unganisha `/dev`, `/proc`, `/sys` na `/run` na zile za ndani ya `/mnt` kwa `mount --bind`, ingia kwa `chroot /mnt /bin/bash`, na kama gamba limefunguka, endesha `ldconfig`, kisha `apt install --reinstall libc6 libc-bin`, kisha `dpkg -V libc6`. Amri hiyo ya mwisho isipoandika chochote, toka, pachua, chomoa flashi, na uwashe mashine.